Apewe Timu au Asubiri? Jinsi ya Kumpima Kocha Ambaye Hajawahi Kuwa Kocha Mkuu

Malindi, pwani ya Kenya, ni mji ambao habari za mpira wa Italia hazihitaji mkalimani. Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, wengine wamezeekea hapa, na vijana wengi wa Shela na Casuarina wameokota Kiitaliano chao mahotelini na ufuoni. Kwa hivyo Agosti 2020, Juventus ilipomkabidhi timu kiungo wake wa zamani Andrea Pirlo, mtu ambaye hakuwahi kusimamia hata mechi moja ya mashindano akiwa kocha, barazani kwetu watu walijua wanamzungumzia nani. Waligawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo husikika mpaka leo kila klabu inapotaja jina geni. Mmoja husema, "Kwani Guardiola alianzaje?" Mwenzake humjibu, "Na Gary Neville je, umemsahau?"

Kila mmoja ana mfano wa kweli mkononi, huyu wa mgeni aliyefaulu Barcelona na yule wa mgeni aliyeshindwa Valencia, na hakuna anayemshinda mwenzake. Ukiwasikiliza usiku kucha hutapata jibu, kwa sababu wote wanauliza kama mtu ana uzoefu au hana, kana kwamba uzoefu ni kitu kimoja ambacho mtu huwa nacho au hukikosa. Mimi naamini maswali ya kuuliza ni mawili tofauti. La kwanza: mtu huyu amewahi kuamua nini yeye mwenyewe, kisha akabaki palepale kuyaona matokeo ya uamuzi wake? La pili: klabu inayompa kazi ina nini cha kuziba kile anachokikosa?

Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo linalochanganya watu zaidi.

Kuna uzoefu wa kucheza. Huu una thamani yake: mchezaji wa zamani anajua harufu ya chumba cha kubadilishia nguo, anajua jinsi mchezaji anavyojificha anapoumwa na jinsi anavyojitia kuumwa anapotaka kujificha. Akiingia siku ya kwanza, wachezaji wanasimama kumsikiliza kwa sababu ya jina lake. Lakini heshima hiyo ni ya wiki chache tu. Baada ya hapo mchezaji anataka kuambiwa Jumamosi afanye nini mpira ukiwa upande ule, na kama kocha hana jibu, medali zake hazimsaidii mtu. Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Alikuwa akiuza viatu katika biashara ya familia yake. Milan ilimchukua mwaka 1987 kutoka Parma, na mwaka 1989 na 1990 akaipa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili mfululizo.

Kuna uzoefu wa usaidizi. Kocha msaidizi hujifunza jinsi wiki inavyopangwa, jinsi mpinzani anavyochambuliwa, jinsi mkubwa anavyozungumza na nyota mwenye kinyongo. José Mourinho alikaa miaka kadhaa pembeni ya Bobby Robson na baadaye Louis van Gaal. Mikel Arteta alikaa na Guardiola pale Manchester City tangu 2016 hadi Desemba 2019, Arsenal ilipomchukua. Ni shule nzuri sana, lakini ina somo moja ambalo haifundishi: msaidizi hutoa ushauri, kisha anakwenda kulala.

Na kuna uzoefu wa kuwa mkuu wa timu, hata kama ni timu ya vijana au kikosi cha akiba. Hapa ndipo mtu anapopanga kikosi kwa jina lake, anamwacha nje mtoto wa watu, anafungwa, na Jumatatu anarudi uwanjani na sura ileile. Kwa maoni yangu uzoefu huu, hata wa msimu mmoja katika daraja la chini, ni mzito kuliko miaka kumi ya kukaa benchi la mwingine.

Tofauti hiyo niliiona kwa karibu kwenye uwanja wa Alaskan, katika mechi ya timu ya mtaani. Winga wao bora ni kijana anayekwenda baharini na ami yake. Mechi ilikuwa saa kumi jioni na kijana hajafika. Kocha, ambaye mwenyewe ni barobaro, alikuwa ameshatangaza wiki nzima kwamba asiyewahi kupasha misuli hataanza. Msaidizi wake akamnong'oneza, "Muanzishe tu akifika, bila yeye hatuna mbele." Mzee mmoja wa kamati, aliyesaidia kununua jezi, naye akasogea: "Mwanangu, sheria zitungoje baada ya mechi." Kijana akatokea anakimbia, viatu mkononi, chumvi imemkaukia miguuni. "Samahani kocha, upepo ulitukatalia." Kocha akamjibu, "Najua. Pole. Vaa, ukae benchi."

Wakafungwa bao moja kabla ya mapumziko. Kijana aliingizwa kipindi cha pili na mechi ikaisha sare. Sijui hata leo kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mtu anaweza kubishana nao vizuri tu, maana upepo si kosa la mvuvi. Ninachokumbuka ni kilichofuata. Msaidizi alikuwa akikusanya mipira. Mzee wa kamati alikuwa akinywa dafu chini ya mti. Aliyezingirwa na mashabiki, akiulizwa kwa sauti za juu kwa nini amewanyima ushindi, alikuwa mtu mmoja peke yake. Washauri walikuwa watatu, wanne. Mwenye kujibu alikuwa yeye.

Baharia anaweza kukaa chomboni miaka ishirini akajua kila fundo la kamba, lakini usiku ambao nahodha anaugua na usukani unakuwa wake, bahari ileile inakuwa ngeni. Ndicho anachokutana nacho msaidizi anapopewa timu.

Guardiola na Pirlo

Sasa tuwatazame Guardiola na Pirlo, kwa sababu kwa nje wanafanana mno. Wote walikuwa viungo wa kati wenye akili kubwa ya mpira, wote walipewa timu kubwa ambayo waliwahi kuichezea, na wote walikuwa wageni kwenye kazi. Ukisoma haraka utasema bahati ndiyo iliyowatenganisha.

Mwaka 2007 Barcelona ilimpa Guardiola kikosi chake cha pili, ambacho kilikuwa kimeporomoka hadi Tercera División, wakati huo daraja la nne la Hispania. Akatumia msimu mzima kwenye viwanja vidogo, dhidi ya wanaume wazima wa klabu zisizojulikana, na akapandisha timu daraja. Mwaka 2008 klabu ilipokuwa ikitafuta mrithi wa Frank Rijkaard, jina la Mourinho nalo lilikuwa mezani. Viongozi wawili, Marc Ingla na Txiki Begiristain, walikwenda Lisbon kuzungumza naye. Kwa karatasi hapakuwa na mashindano. Mourinho alikuwa na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya la 2004 akiwa na Porto na mataji mawili ya ligi akiwa Chelsea. Guardiola alikuwa na msimu mmoja wa daraja la nne.

Lakini viongozi wale walikuwa na kitu ambacho hakiandikwi kwenye wasifu. Walikuwa wamemwona kazini, wiki baada ya wiki. Walijua mazoezi yake yanavyokwenda, anavyomkabili mchezaji mvivu, anavyobadilisha mambo timu inapobanwa. Walijua pia kwamba klabu tayari ina namna yake ya kucheza, ina Xavi, Iniesta, Puyol na Messi, na kwamba huyu anaijua namna hiyo tangu utotoni. Hawakuwa wanacheza kamari kama watu walivyodhani. Walikuwa wananunua kitu walichokwisha kukishika mkononi.

Pirlo alitambulishwa tarehe 30 Julai 2020 kuwa kocha wa kikosi cha Juventus cha chini ya miaka 23. Tarehe 7 Agosti timu kubwa ikatolewa na Lyon katika Ligi ya Mabingwa; kesho yake Maurizio Sarri akafutwa kazi, na siku hiyohiyo Pirlo akapewa timu. Siku tisa. Hakuwahi kuongoza kile kikosi cha vijana katika mechi hata moja, na leseni yake ya juu aliimaliza Septemba, akiwa tayari ameajiriwa. Alirithi timu iliyokuwa imechukua ubingwa wa Italia mara tisa mfululizo, yenye wachezaji waliokuwa wakianza kuchoka, katika msimu wa korona ambao haukuwa na maandalizi ya maana. Alimaliza nafasi ya nne, akatolewa Ulaya na Porto katika hatua ya 16 bora, na Mei 2021 akaondolewa.

Watu husema alishindwa vibaya. Mimi sikubali. Alichukua Kombe la Italia na Kombe la Super la Italia katika msimu wake wa kwanza wa ukocha duniani, jambo ambalo makocha wengi hufa bila kulipata. Kosa halikuwa kichwa cha Pirlo. Kosa ni kwamba siku anateuliwa, hakuna mtu yeyote Juventus, wala Pirlo mwenyewe, aliyekuwa amewahi kumwona Pirlo akifundisha timu msimu hata mmoja. Walimpima kwa pasi zake za zamani.

Zinedine Zidane anatoshea katikati ya hawa wawili. Alikuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti msimu ambao Real Madrid ilitwaa ubingwa wa Ulaya, 2014, kisha akaongoza Castilla, kikosi cha pili cha klabu hiyo, mwaka mmoja na nusu. Alipopewa timu kubwa Januari 2016 wengi walisema ni jina tu. Akachukua Ligi ya Mabingwa 2016, 2017 na 2018.

Na Neville? Huyu ni mfano wa kila pengo kuachwa wazi kwa wakati mmoja. Alikuwa msaidizi katika timu ya taifa ya Uingereza, ambayo hukutana mara chache kwa mwaka, na mchambuzi hodari wa televisheni. Valencia ikamchukua Desemba 2015, msimu umeshafika katikati, katika ligi asiyoijua na kwa wachezaji ambao hakuweza kuzungumza nao kwa lugha yao. Ushindi wake wa kwanza wa ligi ulikuja Februari, siku chache baada ya kufungwa 7-0 na Barcelona katika Kombe la Mfalme. Machi akaondoka. Haiwezekani kusema kutokana na miezi hiyo minne kama Neville angeweza kuwa kocha mzuri. Lililo wazi ni kwamba hata mzoefu angehangaika hapo, na mgeni hakuwekewa hata ngazi ya kushikilia.

Wale tusiowakumbuka

Kuna mtego mwingine katika mijadala hii, nao unatunasa sisi sote. Waliofaulu wanabaki katika kumbukumbu, wanaandikwa, wanatajwa kila siku. Wageni walioshindwa wanasahaulika baada ya msimu mmoja. Kwa hivyo ukihesabu kwa vichwa vilivyo karibu, utaona wageni wanafaulu kuliko inavyotokea kweli.

Lakini mtego huohuo una upande wa pili ambao watu hawautaji. Makocha wanaotimuliwa kila msimu, Ulaya na hapa kwetu, wengi wao ni wazoefu. Wanatimuliwa huku, wanaajiriwa kule kwa sababu "ana uzoefu," wanatimuliwa tena. Hakuna anayemuuliza mzoefu maswali magumu anayoulizwa mgeni. Wahenga wa pwani hii walishasema: mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mtu aliyefundisha klabu nane huenda ana uzoefu wa miaka ishirini, au huenda ana uzoefu wa mwaka mmoja alioukariri mara ishirini. Wasifu wake hautakuambia ni lipi.

Hoffenheim ya Ujerumani ilikumbana na hali hii Februari 2016. Ilikuwa mkiani, na kocha wake alikuwa Huub Stevens, mzoefu kabisa, aliyeipa Schalke Kombe la UEFA mwaka 1997. Stevens akalazimika kuondoka kwa maradhi ya moyo. Klabu ikamkabidhi timu Julian Nagelsmann, umri wake miaka 28, mdogo kuliko baadhi ya wachezaji wake. Timu ikaponea chupuchupu kushuka daraja, na msimu uliofuata ikamaliza ya nne. Kwa nje ni muujiza. Kwa ndani, Nagelsmann aliumia goti akaacha kucheza akiwa kijana sana, akaanza kufundisha mapema, na mwaka 2014 akawapa vijana wa Hoffenheim walio chini ya miaka 19 ubingwa wa Ujerumani. Zaidi ya hayo, klabu ilikuwa imeshatangaza tangu Oktoba 2015 kwamba atachukua timu majira ya joto; maradhi ya Stevens yaliharakisha tu. Alikuwa mgeni kwa gazeti. Kwa klabu yake alikuwa mtu wanayemfahamu miaka.

Linganisha na Newcastle mwaka 2009: Alan Shearer, mfungaji mkubwa wa klabu, aliitwa kuokoa jahazi mechi nane za mwisho bila kuwahi kufundisha popote. Akapata pointi tano, timu ikashuka. Mapenzi ya mashabiki yalikuwa ya kweli kabisa, na hayakumsaidia.

Mfano uliotuumiza vichwa

Kwa Mwafrika anayependa mpira, mfano mgumu kuliko yote ni wa Ivory Coast. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 lilichezwa kwao Januari na Februari 2024. Wenyeji walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta katika mechi ya mwisho ya makundi, wakabaki wakisubiri matokeo ya wengine, wakapenya kama timu ya mwisho kati ya zile nne zilizoshika nafasi ya tatu. Kocha Jean-Louis Gasset, Mfaransa mwenye umri wa miaka 70, akaondolewa. Shirikisho likajaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa. Timu ikabaki mikononi mwa msaidizi, Emerse Faé, umri miaka 40, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa mahali popote.

Wakaitoa Senegal, bingwa mtetezi, kwa penalti. Wakaitoa Mali wakiwa kumi uwanjani, bao la kusawazisha likija dakika ya 90 na la ushindi mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Wakaifunga Kongo ya Kinshasa 1-0. Tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria 2-1 katika fainali.

Tufanye nini na mfano huu? Watu wa kundi la kwanza barazani hutaka kuutumia kama ushahidi wa mwisho: unaona, uzoefu si lolote. Lakini tazama kwa utulivu. Mechi nne ni chache mno kumpima mtu yeyote. Mbili kati ya hizo zingeweza kwenda upande mwingine kwa mpira mmoja kugonga mlingoti. Faé mwenyewe hakutoka hewani: alikuwa amefundisha vijana wa Nice na kikosi cha akiba cha Clermont, na alikuwa kwenye benchi la timu ya taifa tangu 2022. Aliwajua wachezaji hao kwa majina ya nyumbani. Na alichotakiwa kufanya kilikuwa kazi ya aina moja: kuinua vichwa vya watu walioaibika mbele ya mama zao. Kwa kazi hiyo, mtu wa ndani anayeaminiwa alikuwa bora kuliko mzoefu anayehitaji wiki mbili kujifunza majina.

Ninachojifunza kwake ni kwamba mgeni apimwe kwa kazi iliyopo. Kutuliza timu iliyovurugika kwa mwezi mmoja ni kazi moja. Kujenga timu upya kwa miaka mitatu, kusajili, kuuza, kuvumilia majeraha, ni kazi nyingine. Mtu anaweza kuwa tayari kwa moja na asiwe tayari kwa nyingine, na klabu nyingi huingia matatani pale kaimu kocha anaposhinda mechi tano, mashabiki wakaimba jina lake, akapewa mkataba mrefu bila mtu kuuliza chochote zaidi.

Nyumba anayoingia

Hapo tunafika swali la pili, ambalo naona ndilo linalopuuzwa zaidi. Kocha mgeni hafeli peke yake na hafaulu peke yake. Arteta alianza vizuri kwa Kombe la FA mwaka 2020, lakini kufikia Krismasi ya mwaka huo Arsenal ilikuwa nafasi ya 15, na ikamaliza ya nane kwa msimu wa pili mfululizo. Klabu nyingi zingemtimua. Arsenal ikamwacha, ikamnunulia wachezaji vijana ambao aliupenda mchezo wao, ikawaruhusu nyota wakubwa waliomchosha kuondoka. Kuanzia msimu wa 2022-23 ikamaliza ya pili kwenye ligi mara tatu mfululizo. Chelsea kwa upande wake ilimchukua Frank Lampard baada ya msimu mmoja tu Derby County, akaifikisha nne bora klabu ikiwa imefungiwa kusajili, kisha akaondolewa Januari 2021 mambo yalipoyumba. Thomas Tuchel aliyemrithi akatwaa ubingwa wa Ulaya Mei mwaka huohuo. Kwa hivyo subira si lazima iwe jibu kila mara. Chelsea haikukosea kwa hesabu ya makombe. Lakini klabu inayojua kwamba haina subira haifai kuajiri mtu anayehitaji muda wa kujifunza. Hapo inamuumiza kijana na inajiumiza yenyewe.

Ndiyo maana kabla ya kumsaili kocha, kamati ijisaili. Nani atakaa pembeni yake? Mgeni anahitaji msaidizi mmoja aliyeona mengi na ambaye hautaki ukuu, mtu wa kumwambia kwa siri, "Kocha, hapa umekosea," kisha akanyamaza. Nani anasajili? Kama klabu ina mkurugenzi wa michezo anayejua kazi, kocha mgeni anabaki na mazoezi na mechi. Kama haina, kocha atakuwa mpishi, mhasibu na dereva. Na je, mwenyekiti hupiga simu kuulizia kikosi? Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na mgeni ndiye ambaye bado hana ujasiri wa kukataa simu hiyo.

Suala la leseni halihitaji mjadala mrefu. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ina ngazi zake, D, C, B, A hadi Pro, na mashindano makubwa yana kiwango yanachokidai. Leseni inaonyesha mtu amekaa darasani na kufanyiwa mtihani. Haisemi kama wachezaji watamfuata. Reims ya Ufaransa ilimpa timu Will Still mwaka 2022, umri miaka 30, bila leseni ya juu, ikawa inalipa faini ya takriban euro 25,000 kila mechi, naye akacheza mechi 17 za ligi bila kufungwa. Klabu zetu hazina pesa za kuchezea namna hiyo, kwa hivyo karatasi zikaguliwe siku ya kwanza, si baada ya mkataba kutiwa sahihi.

Katika usaili wenyewe, falsafa zisipewe nafasi kubwa. Siku hizi kila mtu ana falsafa, amezikariri kwenye simu. Ningependa aulizwe kuhusu mchezaji aliyemwacha nje na jinsi alivyomwambia. Aulizwe mechi aliyofungwa akiwa na timu bora, kisha aachwe aeleze. Anayelaumu refa na uwanja dakika tano mfululizo atafanya hivyo kwenu pia. Awekewe video ya mechi yenu ya mwisho, aambiwe mko nyuma bao moja dakika ya 65, aseme anatoa nani na kwa nini. Kisha kamati ifanye kazi ambayo wengi huiona nzito: iende kumtazama akifundisha. Mazoezi matatu yanatosha kuona kama wachezaji wanamsikiliza au wanamvumilia. Na wapigiwe simu wachezaji aliowaacha nje zamani. Mchezaji aliyekosa namba akisema, "Hakunipanga, lakini alikuwa muwazi," huo ni ushahidi mkubwa kuliko barua kumi za wakubwa.

Akishaajiriwa, mechi za mwanzo zisomwe kwa uangalifu. Guardiola alifungwa 1-0 na Numancia katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akatoka sare ya 1-1 na Racing Santander katika ya pili. Msimu ule uliishia kwa ligi, Kombe la Mfalme na ubingwa wa Ulaya. Upande wa pili, kocha mpya akishinda mechi tatu za kwanza, tusikimbilie kusema ameleta dawa. Klabu hufukuza kocha ikiwa chini kabisa, na ukiwa chini kabisa, mara nyingi njia iliyobaki ni ya kupanda. Mchumi Mholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Klabu zilizobadilisha kocha zilipata nafuu, lakini zile zilizokuwa katika hali ileile na kubaki na kocha wao zilipata nafuu vilevile. Kwa hivyo atazamwe jinsi timu inavyocheza: nafasi inazotengeneza, nafasi inazoruhusu, vijana wanaokua.

Haya yote yana uzito wa pekee kwetu. Kutoka Malindi, klabu ya Ligi Kuu iliyo karibu ni Bandari ya Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 120. Kijana wa Maweni au Kisumu Ndogo anayetaka kuwa kocha hana kikosi cha akiba cha kujifunzia kama alichopewa Guardiola. Ana timu ya mtaa, kamati ya wazee, na kozi za leseni ambazo nauli na ada yake humshinda. Akifika juu kwa jasho, anafanywa msaidizi. Kocha mkuu akitimuliwa yeye ndiye kaimu. Anashinda mechi kadhaa, kisha analetwa kocha kutoka ng'ambo mwenye "uzoefu," naye anarudi kubeba koni. Mwaka unaofuata anaambiwa hana uzoefu. Hili linaniudhi kwa dhati, kwa sababu tunamnyima mtu kitu kisha tunamhukumu kwa kukikosa.

Hata Benni McCarthy, aliyepewa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, Machi 2025 na kuifikisha robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa Agosti mwaka huo katika Afrika Mashariki, alikuwa mgeni siku moja. Cape Town City ilimpa timu mwaka 2017 akiwa hajawahi kuwa kocha mkuu, ila tu msaidizi katika klabu ya Sint-Truiden ya Ubelgiji. Mwaka uliofuata akawapa MTN8, moja ya makombe ya Afrika Kusini. Kuna mtu Cape Town aliyekubali kumpa.

Kwa klabu za hapa Malindi gharama ya kuanza si kubwa. Timu ya chini ya miaka 17 ikabidhiwe kocha kijana kwa msimu mzima, apange kikosi bila simu ya mtu yeyote, na kila mechi mjumbe mmoja wa kamati aende aandike alichokiona: nani alibadilishwa, dakika ya ngapi, timu ilifanya nini baada ya kufungwa. Daftari hilo lihifadhiwe pamoja na leseni zake. Miaka mitatu baadaye, nafasi ya kocha mkuu ikitangazwa huku au Mombasa, kamati itakuwa na karatasi ya kusoma.